Jinsi ya Kukagua Subaru WRX STI Iliyotumika Yenye Kilometa Chache

Kilometa chache ndizo zinazouza STI. Gari la 2015 lenye kilometa 40,000 huombwa bei kubwa kuliko lile la mwaka uleule lenye 120,000, na tofauti hiyo ndiyo inayowashawishi baadhi ya wauzaji kurudisha odometa nyuma. Ukaguzi kwa hiyo una kazi mbili. Ya kwanza ni kuthibitisha kwamba namba iliyo kwenye dashibodi ni ya kweli. Ya pili, ambayo wanunuzi wengi huisahau, ni kujua miaka imelifanyia nini gari ambalo halikutembea. Raba, oili na mafuta ya breki huzeeka hata gari likiwa limefunikwa turubai gerejini.

Tunazungumzia STI za kuanzia 2000 hadi mwisho wa VAB, toleo lililoanza 2014. Ndizo zilizojaa kwenye yadi za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kinachoziua kinajulikana.

Ujue kwanza ni gari gani

Usiangalie nembo ya waridi wala pua ya boneti. Vyote vinauzwa dukani. Soma herufi za mwanzo za namba ya chesesi. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu 17. Yana herufi za modeli, kistari, kisha namba. GDB ni STI ya 2000 hadi 2007. GRB ni ile ya mlango wa nyuma iliyotoka Oktoba 2007, na GVB ni sedani yake. VAB ni ya kuanzia 2014. Zote hizi zina giaboksi ya mkono ya gia sita na injini ya EJ207 ya lita 2.0.

Ukikuta GRF au GVF, hiyo ni A-Line: lita 2.5 na giaboksi ya otomatiki. Ukikuta VAG, hiyo ni WRX S4, yenye injini tofauti kabisa ya FA20 na giaboksi ya CVT, aina ya otomatiki isiyo na gia za hatua. S4 ni gari zuri, lakini si STI, na isiuzwe kwa bei ya STI. GDA nayo ni WRX ya kawaida, hata kama mtu ameifunga breki za Brembo za dhahabu na bawa la nyuma.

Zilizouzwa Uingereza kuanzia 2006 zina EJ257 ya lita 2.5. Usukani wake uko kulia kama za Japani, kwa hiyo kwa macho ni rahisi kuzichanganya. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu EJ257 inajulikana kwa kuvunjika ukingo wa pistoni unaoshika ringi, mara nyingi silinda namba 4.

Subaru ilifunga oda za VAB nchini Japani Desemba 2019. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo STI ya 2015 unayoonyeshwa Nairobi leo iliingia zamani na ina kilometa za Japani na za hapa pia. Omba ushahidi wa zote mbili. Tanzania haikatazi gari la zamani ila hulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu; piga hesabu hiyo kabla hujafurahia bei ya mnada.

Kuthibitisha kilometa

Anza na karatasi ya mnada. Karibu kila gari la mtumba la Japani limepita mnadani, na mkaguzi wa mnada aliandika kilometa, daraja na kila kovu la bodi. Usikubali picha anayokutumia muuzaji peke yake, kwa sababu picha huhaririwa. Chukua namba ya chesesi uitafute mwenyewe kwenye huduma za kulipia zinazotoa nakala za karatasi hizo, kisha linganisha.

Daraja la 4.5 au 5 ndilo linaloendana na gari la kilometa chache lililotunzwa. R na RA zina maana kwamba gari liligongwa na sehemu ya fremu ikatengenezwa au kubadilishwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa: W1 ni kazi nzuri isiyoonekana kirahisi, W3 utaiona ukisimama mbali. Alama ya *, $ au # kando ya kilometa ni onyo kwamba odometa ilibadilishwa au haiaminiki. Miaka huandikwa kwa kalenda ya Japani: H27 ni 2015, R1 ni 2019.

Karatasi ya pili ni cheti cha usafirishaji cha Japani, ambacho kina kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Gari lililosajiliwa 2015 lilikaguliwa 2018, 2020, 2022. Kama 2018 lilisoma 38,000 na dashibodi leo inasoma 41,000, uliza lilikuwa wapi miaka yote hiyo. Jibu la kweli lipo mara nyingine, maana wapo Wajapani wanaotoa STI Jumapili tu. Lakini lazima liwe na karatasi.

Halafu fungua mlango wa dereva na boneti, utafute stika. Gereji za Japani hubandika stika ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilometa, na mkanda wa taimingi ukibadilishwa hubandikwa nyingine kwenye kifuniko cha plastiki mbele ya injini. Stika ya mkanda iliyoandikwa 98,000 km kwenye gari linalodai 45,000 imemaliza mazungumzo. Wanaorudisha odometa husahau stika hizi. Wakizibandua, gundi hubaki, na gundi iliyokwanguliwa peke yake ni swali la kuuliza.

Baada ya karatasi, chuma. Beba venia, kifaa cha kupimia unene. Diski za mbele za Brembo zina unene wa milimita 30 zikiwa mpya na hutupwa zikifika 28. Za nyuma ni 20, hutupwa zikifika 18. Gari la kilometa 40,000 la barabara ya kawaida huwa na diski za mbele zenye 29 na ushei. Ukipima 28.2 na ukingo umeinuka kama mdomo wa kikombe, ama kilometa ni za uongo ama gari liliendeshwa kwenye viwanja vya mbio, na yote mawili yanapunguza thamani. Kama diski ni mpya, uliza kwa nini gari la kilometa 40,000 lilihitaji diski mpya.

Kagua upande wa kiti cha dereva unaoelekea mlangoni, maana hapo ndipo mwili husugua kila mtu anapoingia. Angalia raba ya pedali ya klachi na ngozi ya usukani mahali mikono inaposhika. Gari lililotembea 40,000 bado lina mistari ya raba kwenye pedali. Usukani uliofunikwa ngozi mpya ni wa kutilia shaka, kama vile raba mpya za pedali kwenye gari lenye mikeka iliyochakaa.

Matairi yana tarehe: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Hiyo pia itakusaidia kwenye bei, kwa sababu matairi ya 245/40R18 ya STI si ya bei ndogo na yaliyozidi miaka sita hayafai kwa gari la kasi hii hata kashata, yaani meno ya tairi, zikiwa nzima. Hakikisha yote manne ni ya aina moja na yamelika sawa. Mzunguko ukitofautiana zaidi ya milimita 6 hivi, sawa na milimita moja ya kashata, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi bila kupumzika na huchemka.

Injini

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka mkono kwenye boneti na kifuniko cha turbo. Kama kuna joto, ameficha jinsi injini inavyowaka ikiwa baridi. Panga siku nyingine.

Chomoa kijiti cha oili kwanza. Oili nyeusi si kosa, lakini oili yenye harufu kali ya petroli inatokana na safari fupi zisizopasha injini, na hilo ndilo tatizo halisi la magari ya kilometa chache. Petroli inayochanganyika na oili huilainisha, na beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kreki) za EJ hazisamehe oili nyepesi. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna ute wa rangi ya maziwa.

Washa. Mlio wa kugonga kwa upole dakika za mwanzo kwenye baridi, unaopotea injini ikipata joto, ni pistoni kucheza ndani ya silinda, na hauui injini. Unaoogopesha ni mlio wa chini, mzito, unaosikika injini ikiwa ya moto unapoipandisha hadi mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika kisha ukaachia mafuta. Hiyo ni beringi ya konrodi. Usilinunue kwa punguzo lolote, labda uwe unanunua bodi.

EJ207 za Japani za GRB, GVB na VAB zina turbo ya njia mbili na manifoldi ya eksozi yenye mabomba ya urefu sawa, kwa hiyo hazina ule mngurumo wa kukatakata ambao watu wanaujua kama sauti ya Subaru. Ukisikia mngurumo huo kwenye VAB ya Japani inayotangazwa kuwa haijaguswa, manifoldi ilibadilishwa, na pengine turbo na programu ya kompyuta pia. Magari mengi ya hapa huwekewa programu ya kutoa milipuko kwenye eksozi. Milipuko hiyo ni petroli inayowaka nje ya silinda. Huchoma vali za eksozi na kupasha turbo kupita kiasi. Moshi mweusi kila dereva anapobadilisha gia mara nyingi ni vali ya kupumulia upepo wa turbo iliyowekwa ili itoe nje badala ya kurudisha kwenye mfumo. Kompyuta imekwisha kuihesabu hewa hiyo, kwa hiyo inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo.

Kipimo kikuu ni cha mgandamizo wa silinda, na usinunue STI bila hicho. Injini iwe ya moto, betri iwe na chaji, pampu ya petroli ikatwe kwa kuchomoa fyuzi yake, plagi zote nne zitolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, na stata izungushwe mpaka mshale usimame. Nafasi ni finyu: fundi atatoa betri upande wa kushoto na boksi la hewa upande wa kulia, atumie soketi ya plagi ya 16 na vipande vifupi vya kuungia. Ni kazi ya saa moja na zaidi, na yule anayekuambia atamaliza kwa dakika kumi na tano hajawahi kutoa plagi ya EJ. Injini nzima husoma kati ya psi 140 na 170. Usawa ni muhimu kuliko ukubwa: silinda ikipishana na wenzake kwa zaidi ya psi 10, endelea na kipimo cha kuvuja.

Kipimo cha kuvuja ni kuingiza upepo wa kompresa kwenye silinda, pistoni yake ikiwa juu kabisa na vali zote zimefunga, halafu kusikiliza unatokea wapi. Ukitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi au ukingo wa pistoni. Ukitokea kwenye eksozi, vali ya eksozi. Kwenye throto, vali ya kuingiza. Mapovu kwenye rejeta yana maana ya gasketi ya hedi. Chini ya asilimia 10 ni vizuri, juu ya 20 injini ifunguliwe. Silinda 4 ya nyuma kushoto, upande wa abiria, ndiyo ya kuitazama kwa makini kuliko zote, hasa kwenye EJ257.

Ukiwa na kebo na programu ya kusoma kompyuta ya Subaru, tafuta thamani inayoitwa IAM, au DAM kwenye matoleo mengine. Inaonyesha kompyuta inaiamini petroli kwa kiasi gani. Gari zima husoma 1.0, au 16 kwenye kompyuta za zamani. Ikiwa chini ya hapo, injini imekuwa ikigonga kwa mwako usiofaa na kompyuta imerudisha nyuma taimingi ya plagi ili ijiokoe. Sababu ya kawaida kwetu ni petroli: EJ207 ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayouzwa kama okteni 100, na hapa V-Power ya Shell nchini Kenya ni 95. Kama thamani ni 1.0 lakini msimbo wa hitilafu ulifutwa asubuhi hiyo, endesha kilometa 20 kisha usome tena.

Barabarani na chini ya gari

Panda gia ya nne kwenye mizunguko 2,000, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda bila kasi kupanda, klachi imekwisha, na kwenye gari linalodai kilometa chache hilo linasema mengi kuhusu aliyeliendesha. Gia ya pili na ya tatu ziingie bila kusaga, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Kama gari lina kidhibiti cha difu ya kati, maana baadhi ya GDB hazina, kiweke kwenye nafasi iliyo wazi kabisa, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kwenye uwanja. Gari litembee bila kukokotana. Ukikifunga kikamilifu litavuta na kuburuta matairi, na ndivyo linavyotakiwa. Usipoona tofauti yoyote kati ya nafasi hizo mbili, mfumo haufanyi kazi. Mlio wa kunung'unika unapokata usukani mara nyingi ni raba ndogo ya mviringo kwenye mdomo wa pampu ya usukani inayovuta hewa. Ni ya bei ndogo, na watu wengi hubadilisha pampu nzima bila sababu.

Inua gari kwenye lifti. Magari ya kutoka Hokkaido, Tohoku na Niigata, sehemu za Japani zenye theluji nyingi, yametembea juu ya chumvi ya barafu, na kilometa 30,000 za huko zinaweza kula subfremu, fremu ndogo ya chini inayobeba injini na saspensheni, kuliko 100,000 za Osaka. Gonga kwa bisibisi kwenye kingo za matao ya nyuma, sehemu za kushikia shokamzoba na boliti za subfremu. Rangi nyeusi mpya iliyopulizwa chini ya gari lote huficha kitu. Angalia oili inayochuruzika kwenye vifuniko vya vali, kwa sababu hudondokea eksozi na kutoa harufu ya kuungua, na pale injini inapokutana na giaboksi.

Mkanda wa taimingi na mengine yanayozeeka kimya

Mkanda wa EJ hubadilishwa kwa kilometa 100,000, lakini raba haihesabu kilometa tu. Gari likifikisha miaka kumi, badilisha hata kama limetembea 35,000. EJ ya turbo ina kamshafti nne, na mkanda ukikatika vali hukutana na pistoni. Nunua seti kamili: mkanda, kikaza cha haidroliki, puli zote za kuongozea, pampu ya maji na thamostati. Kubadilisha mkanda na kuacha puli za miaka kumi ni kazi bure, maana puli ikikwama hung'oa mkanda mpya.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: kwenye sproketi ya kreki kuna alama ya mshale na kuna mkato mdogo kwenye jino la nyuma. Wa kulinganisha ni mkato, si mshale. Kikaza kibanwe polepole kikiwa kimesimama wima ndani ya jiliwa, kisha kifungwe pini. Kikibanwa kwa haraka sili yake hupasuka, na mkanda hulegea wiki chache baadaye.

Kwenye magari ambayo bomba la oili ya turbo lina kichujio kidogo ndani ya boliti yake ya kuungia, kitolewe kikaguliwe. Gari lililokaa sana hukusanya uchafu hapo, na turbo hufa kwa kiu. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikifunguliwa kwa sababu yoyote, angalia bomba la kufyonzea oili. Kwenye EJ257 hasa, bomba la kiwandani hupasuka kwenye kiungo chake, pampu ikavuta hewa badala ya oili.

Karatasi za hapa

Kenya, tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kabla hujatoa hata senti ya kushika. Benki au kampuni ya mikopo ikionekana kama mmiliki mwenza, deni halijaisha. Tanzania, kadi ya gari iwe halisi na ihakikiwe TRA, mamlaka ya mapato. Jina liwe la anayekuuzia, au awe na idhini ya maandishi. Soma namba ya chesesi kwenye chuma, si kwenye bati tu, na namba ya injini kwenye bloku. Injini ikiwa tofauti na ya kwenye hati, kilometa za dashibodi hazina tena maana kwa upande wa injini.

Bei, na wiki ya kwanza

Usibishane bei kwa maneno. Andika orodha: seti ya mkanda na ufundi, matairi manne, mafuta yote, plagi nne. Omba bei za leo kwenye duka la vipuri unaloliamini, jumlisha, mwonyeshe muuzaji karatasi. Muuzaji mwenye gari la kweli la kilometa chache atakubali kugawana gharama za umri, kwa sababu anajua kila mnunuzi atakayekuja atazikuta.

Ukishalinunua, kabla ya kukanyaga: oili ya injini 5W-30 au 5W-40 ya sintetiki, lita 4 na nusu hivi pamoja na filta, giaboksi ya gia sita lita 4.1 za 75W-90. Difu ya nyuma lita moja. Mafuta ya breki DOT 4 mapya, yapitishwe hadi kwenye klachi. Kulanti mpya, ununue lita 8 ubaki na akiba. Petroli iliyokaa tangini zaidi ya miezi sita itolewe yote. Rudia oili ya injini baada ya kilometa 1,000, kwa sababu ya kwanza itasafisha uchafu wa kukaa, kisha kila kilometa 5,000. Kagua kijiti kila unapojaza tangi, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa kwa dakika kumi. EJ ikianza kula oili zaidi ya lita moja kwa kilometa 2,000, rudia kipimo cha kuvuja kwenye silinda 4.